Kabla hujaizima ruta, tazama taa zake

"Fundi, neti hakuna. Nimeshazima nikawasha, bado." Simu zangu nyingi za asubuhi huanza hivyo, na jibu langu huwa swali: kabla hujazima, taa zilikuwaje? Hapo kimya. Hakuna aliyetazama.

Ninahudumia mitandao midogo hapa Tanga: nyumba za wageni za Raskazone, maduka ya dawa, shule, na ofisi za Ngamiani zenye kompyuta chache na printa moja ya kugombania. Sehemu kama hizo hazina mtaalamu wa kukaa hapo siku nzima. Aliyepo ni dada wa mapokezi, mhasibu, au mlinzi mwenye funguo. Hawa ndio ninaowaandikia.

Kuzima na kuwasha ni dawa halali, sikatai. Ruta ni kompyuta ndogo inayogawa neti kwa vifaa vyote. Ina kumbukumbu inayojaa, inatunza orodha ya mawasiliano ya kila simu iliyoungwa nayo, na programu yake huganda kama zinavyoganda za kwenye simu yako. Ukiizima, vyote hivyo vinafutika na inaanza upya. Shida ni kwamba ushahidi nao unafutika. Ruta nyingi ndogo huandika matukio yake kwenye RAM, na RAM haibakizi kitu umeme ukitoka. Ukiwahi kuizima, neti inaweza kurudi, lakini kesho ikikata tena saa ileile hakuna wa kutueleza kwa nini.

Kwa hiyo anza bila kugusa chochote. Toa simu yako, piga picha ya taa za kila kifaa, na kama kuna zinazopepesa, chukua video ya sekunde kumi. Andika saa. Baada ya hapo tuendelee.

Taa zinavyosomwa

Anza na kiboksi cha faiba, kile kinachoingiwa na waya mwembamba unaotoka nje. Taa mbili ndizo za kutazama: PON na LOS. PON ikiwaka kijani na kutulia, kiboksi kimeshatambuliwa upande wa pili. Ikiwa inapepesa bila kukoma, bado kinabisha hodi na hakijafunguliwa. LOS ikiwa nyekundu, maana yake mwanga haufiki kabisa kwenye kiboksi. Hapo hata ukizima na kuwasha mpaka jioni hupati kitu, kwa sababu tatizo liko kwenye waya, ama wa nje ama wa ndani. Ufuate kwa macho ule wa ndani: kuna kabati limeukandamiza? Kuna mtu ameukunja kona kali nyuma ya meza? Nyuzi za faiba ni kioo. Mkunjo wake usiwe mwembamba kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Ukiona umekunjwa, uachie taratibu, subiri dakika moja, tazama LOS. Ikibaki nyekundu, wapigie waliokuletea huduma, uwaambie neno hilohilo, "LOS nyekundu", nao watajua pa kuanzia.

Usichomoe ule waya ukachungulia ndani. Mwanga unaopita humo hauonekani kwa jicho, kwa hiyo usipouona usidhani haupo. Ncha nayo usiiguse kwa kidole: mafuta ya ngozi na vumbi kidogo tu vinatosha kudhoofisha mawimbi. Ukilazimika kuuchomoa, ufunike kwa kile kikofia chake cha plastiki. Kama kikofia kilishapotea, usiuchomoe.

Ikiwa PON imetulia, LOS imezima, lakini taa ya intaneti ni nyekundu au haiwaki, mwanga unafika ila huduma haijafunguka. Kabla hujaita mtu, angalia kama malipo ya mwezi yameingia. Nacheka ninapoandika hili, lakini ni kweli.

Sasa njoo kwenye swichi, lile boksi lenye matundu mengi ya waya. Kawaida taa zake hupepesa kila moja kwa wakati wake, hii mara hii mara ile, kama watu wanavyozungumza barazani. Ukikuta taa zote zinapepesa kwa pamoja, kwa kasi, bila kupumua, kuna waya umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo, au kwenye swichi mbili ambazo tayari zimeungwa kwa waya mwingine. Data inazunguka humo haina pa kutokea, na mtandao wa jengo zima unalala. Nililikuta hili kwenye shule moja: aliyekuwa anapiga deki aliona ncha ya waya inaning'inia karibu na maji, akaona haijakaa vizuri, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Roho nzuri kabisa. Walimu wakazima na kuwasha kila kitu hadi mchana, na kila swichi ilipowaka ilirudi kwenye mzunguko uleule. Dawa yake ni kuchomoa waya mmoja mmoja ukitazama taa. Ukigusa ule wenye makosa, taa zinatulia papo hapo.

Jambo jingine la kupima kabla ya kuzima: ni nani hasa asiyepata neti? Kompyuta yenye waya ikifungua kurasa huku simu hazifungui, ugonjwa uko kwenye kifaa cha wifi tu, na hakuna sababu ya kuangusha ofisi nzima. Ukiweza kuandika ping 8.8.8.8 kwenye kompyuta, yaani kubisha hodi kwenye mashine iliyoko nje kwenye intaneti, na majibu yakaja, ilhali tovuti hazifunguki, njia ipo ila huduma ya majina ya tovuti imegoma. Na kompyuta ikionyesha anwani, ile namba yake ya kutambuliwa mtandaoni, inayoanza na 169.254, imejipa anwani yenyewe kwa kuwa ruta haikuijibu. Niambie tu hizo namba, nitakuelewa haraka kuliko ukisema "imekataa".

Uliza kwanza nani anatumia

Dada anataka kurudisha neti kwa mgeni wa chumba namba nne, anavuta plagi, kumbe ofisini mhasibu yuko katikati ya kutuma malipo. Pita uulize. Dakika moja inatosha: "Jamani, nazima mtandao, kuna mtu ana kazi inayotumwa?" Kama kuna kisanduku cha kurekodia kamera, au kompyuta inayotunza mafaili ya wote, hivyo vizimwe kwa menyu yake vyenyewe kabla ya kukatiwa umeme, maana ndani vina diski inayoandika muda wote. Diski iliyokatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu mafaili ambayo hayahusiani hata kidogo na tatizo la neti.

Na kama juzi kuna mtu alikuambia anaweka programu mpya kwenye ruta, mpigie kwanza. Ruta inayoandikiwa fimwea, yaani hiyo programu yake ya ndani, ikikatiwa umeme inaweza isiwake tena.

Namna ya kuzima, na mpangilio wa kuwasha

Njia laini ndiyo bora. Ruta nyingi zina ukurasa wake wa mipangilio, na anwani yake imeandikwa kwenye karatasi ya chini ya kifaa: mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwa ruta ya kampuni ya MikroTik iliyotoka kiwandani 192.168.88.1. Ingia humo, tafuta kitufe cha Reboot, bonyeza, subiri. Kwa namna hii kifaa kinafunga kazi zake chenyewe kabla ya kuanza upya. Kwenye MikroTik, kabla hujabonyeza, fungua Log, ile orodha ya matukio, na upige picha ya mistari ya mwisho. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa kwenye simu.

Ikiwa ruta imeganda na ukurasa haufunguki, kata umeme. Zima kwenye soketi ya ukutani. Usivute kile kipini kidogo kinachoingia kwenye ruta, kwa sababu tundu lake hulegea taratibu, na baada ya miezi utakuwa na ruta inayozimika kila mtu anapopita karibu na meza. Nimeshabadilisha ruta nzima ambazo kosa lake lilikuwa tundu hilo tu.

Baada ya kuzima, subiri nusu dakika. Hesabu, usikisie. Ndani kuna kapasita zinazobaki na chaji kwa muda, na ukizima na kuwasha kwa sekunde mbili, kifaa kinaweza kuwa hakijazima kweli. Kinabaki na ugonjwa wake uleule.

Kuwasha kunafuata njia ya neti yenyewe, kutoka nje kuja ndani. Washa kiboksi cha faiba peke yake, usubiri hadi PON itulie. Huchukua dakika mbili, wakati mwingine zaidi. Ndipo uwashe ruta na kusubiri dakika mbili nyingine. Swichi inafuata, kisha vifaa vya wifi vya darini, na mwisho kompyuta na printa. Ukiwasha vyote kwa mkupuo kwa kurudisha ekstensheni moja, kompyuta zitaamka na kuomba anwani wakati ruta bado inajinyoosha, zitakosa, na zitajipa ile ya 169.254 niliyoitaja. Hapo watu husema "neti imegoma tena" wakati neti imesharudi zamani. Ni kompyuta tu inayohitaji kuchomolewa waya na kurudishiwa.

Mara nyingi huhitaji kuvizima vyote. Ruta ikiwa ndiyo yenye shida, izime ruta peke yake.

Kile kitundu kidogo

Nyuma ya karibu kila ruta kuna kitundu cha kuingia sindano au kipini. Kimeandikwa Reset au RES. Usikiguse. Kitufe cha humo ukikishikilia kwa sekunde kadhaa, ruta inasahau kila kitu ilichofundishwa: jina la wifi, nenosiri, na mbaya zaidi, jina na nenosiri la kuingilia kwa mtoa huduma. Inawaka vizuri, taa zinapendeza, na neti hakuna. Kwenye MikroTik kitufe hicho kina kazi zaidi ya moja, kutegemea umekishikilia kwa muda gani wakati ruta inawaka: taa ikianza kupepesa na ukaachia, mipangilio inafutwa, ukiendelea kushikilia, kinaingia hali nyingine, halafu nyingine tena. Mtu asiyejua anaweza kukiacha kifaa katika hali ambayo hata mimi nitalazimika kuja na kompyuta kukirudisha.

Mimi hubandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya kitundu hicho na kuandika kwa kalamu ya wino mzito: ITA FUNDI. Mwenye duka moja la dawa aliniambia nimechafua kifaa chake. Sawa, kimechafuka, lakini kinafanya kazi.

Ukweli ni kwamba kufutika kwa mipangilio kusiwe msiba. Mwambie fundi wako, siku anapokabidhi kazi, akuachie nakala ya mipangilio. Kwenye MikroTik kuna aina mbili: bakapu, ambayo imekusudiwa kurudishwa kwenye kifaa kilekile, na eksporti, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na kuweza kurekebishwa yaingie kwenye kifaa cha aina nyingine. Taka zote mbili. Jitumie kwa barua pepe, na usiziache kwenye kompyuta ya mapokezi peke yake. Zina siri ndani, kwa hiyo usizisambaze kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.

Umeme

Vifaa vingi ninavyozika haviuawi na kukatika kwa umeme. Vinauawa na kurudi kwake. Umeme unaporejea, friji zote za mtaa, pampu na viyoyozi huamka pamoja, na volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Ukikatika, na hata Luku ikikuishia, zima vifaa kwenye soketi. Ukirudi, acha dakika tano zipite, taa za ndani ziwe zimetulia, ndipo uwashe. Vilevile ukitumia jenereta: iwashe, iache ikae sawa, kisha uhamishie mzigo.

UPS, kile kisanduku chenye betri kinachobeba vifaa umeme ukikatika, inasaidia, ila watu huiua kwa ukarimu. Wanachomeka printa ya leza, feni, hata birika. Printa ya leza inapopasha joto hunyonya umeme mwingi kwa mkupuo, UPS inalia na kuzima, na mtandao unakwenda nayo. Ipe UPS mambo matatu tu: kiboksi cha faiba, ruta na swichi. Vitatu hivyo kwa pamoja havizidi sana wati 35. Betri ya kawaida ya UPS ndogo ni ya volti 12 na saa-ampea 7. Ikiwa mpya inaweza kuvibeba saa moja hivi. Kama mzigo wako ni kiboksi na ruta tu, na vyote ni vya volti 12, tafuta ile UPS ndogo ya DC inayotoa volti 12 moja kwa moja. Haipotezi nguvu kwa kupandisha umeme hadi 230 ili adapta iushushe tena kuwa 12.

Betri za risasi hupungua hata zikikaa bila kazi. Zilizotunzwa hufika miaka mitatu hadi mitano, lakini joto linazila: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Chumba kilichofungwa Tanga mwezi wa pili kinazidi nyuzi 30 bila kujitahidi, kwa hiyo usishangae betri kufa ndani ya miaka miwili. Ijaribu kila baada ya miezi mitatu, muda ambao hakuna kazi: chomoa plagi ya UPS ukutani, utazame inabeba dakika ngapi. Betri iliyovimba haijaribiwi. Inatolewa, na haitupwi jalalani.

Halafu kuna adapta. Hapa naomba usome polepole. Adapta za volti 5, 9, 12 na hata 24 zinaweza kuwa na kipini kinachoingia tundu lilelile, na zote ni nyeusi. Mtu anahamisha meza, anazichanganya, anachomeka ya 12 kwenye kifaa cha 5, na kifaa kinakufa bila moshi wala mlio. Siku ya kwanza unapoleta kifaa, andika kwa kalamu kwenye adapta jina la kifaa chake. Ikibidi kuibadilisha, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ufanane.

Kile kiadapta chenye matundu mawili ya waya wa mtandao, kinachopeleka umeme kwenye antena ya juu ya paa, nacho ni cha kuheshimu. Tundu lililoandikwa PoE linatoa umeme. Vifaa vinavyofuata kanuni ya 802.3af ya mwaka 2003 huuliza kwanza kilicho upande wa pili kama kinahitaji umeme kabla ya kuupeleka, ila viadapta vingi vya volti 24 haviulizi chochote, vinapeleka tu. Usichomeke kompyuta wala swichi hapo.

Na usifungue adapta yoyote. Umeme wa volti 230 ukishapitia mle ndani unakuwa karibu volti 325, na kapasita yake inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa. Adapta ikiisha, nunua nyingine.

Radi

Masika na vuli, wingu likianza kunguruma mbali, chomoa umeme na chomoa waya unaoshuka kutoka kwenye antena. Ukichomoa umeme ukaacha waya wa antena, umefunga mlango wa mbele ukaacha wa uani. Fanya mapema. Radi ikishafika juu ya mtaa, usiguse waya wowote, viache vife. Faiba yenyewe haipitishi umeme, lakini baadhi ya waya zake za nje zina uzi wa chuma wa kuzibeba. Uzi huo uishie nje kwenye ndoano, usiingizwe hadi kwenye kiboksi. Mlingoti wa antena uwe na waya wa ethi ulioshuka ardhini kweli, sio uliofungwa kwenye dirisha la grili.

Kupanda paa ni kazi ya watu wawili, paa kavu, umeme wa antena umezimwa, na ukishatazama nyaya za umeme zinapita wapi. Mwenye nyumba ya wageni asimtume kijana wa bustani.

Vumbi, chumvi na wadudu

Mwambao una adui wake. Karibu na bahari hewa ina chumvi, na chumvi hukaa kwenye shaba. Chomoa waya wa mtandao uliokaa mwaka mzima Raskazone, utazame vile vipini vinane vya dhahabu: ukiona rangi ya kijani, kutu imeingia. Neti itapatikana na kupotea, na kila mtu atailaumu ruta. Kata hicho kichwa, weka kingine, rangi zikifuatana hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Waya wa nje, kabla haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke nje.

Usafi wenyewe ufanye kila miezi mitatu, na kila mwezi kwa nyumba za ufukweni au zilizo kando ya barabara ya vumbi. Piga picha ya waya zote zilivyo, weka namba kwa gundi ya karatasi, zima, chomoa. Brashi laini ya rangi, mpya, inatosha kwa matundu ya hewa. Ukitumia kipulizio, puliza kwa vipindi vifupi, na kama kuna feni, izuie kwa kidole isizunguke. Kwenye vipini tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na usirudishe umeme mpaka ikauke. Maji hapana, petroli hapana, na ile sabuni ya jeli ya mikono hapana kabisa.

Sisimizi hupenda joto la adapta, na mijusi hupenda swichi zenye matundu wazi. Mjusi aliyekaukia juu ya saketi anaweza kuunganisha vitu visivyotakiwa kuungana. Ziba matundu yasiyotumika kwa vile vikofia vya plastiki, vinauzwa kwa bei ya chini.

Na tafadhali, kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza juu ya kila kitu sebuleni kiache ruta ipumue. Usiipandishe pia juu ya king'amuzi, maana king'amuzi ni jiko dogo. Iweke ukutani, juu ya kimo cha dekio na ndoo, mbali na jua la dirishani.

Fimwea na nenosiri

Watu huniambia, "Naizima kila usiku, kwa hiyo iko salama." Mwezi wa tano mwaka 2018 iligunduliwa programu hasidi iliyopewa jina VPNFilter. Ilikuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vikiwemo vya Linksys, MikroTik, NETGEAR na TP-Link. FBI ya Marekani iliwaomba watu wazime na kuwasha ruta zao. Ilisaidia kwa kiasi: sehemu mbili za programu hiyo zilifutika, ila sehemu ya kwanza, yenye kazi ya kuzileta nyingine, ilibaki. Kilichohitajika kuimaliza ni kufuta kabisa, fimwea mpya na nenosiri jipya.

Kwa hiyo badilisha nenosiri la kuingilia kwenye ruta lililotoka kiwandani, na umwambie fundi aweke fimwea mpya angalau mara mbili kwa mwaka. Kazi hiyo ifanyike muda ambao hakuna mtu, ruta ikiwa kwenye UPS, nakala ya mipangilio ikiwa mkononi, na kifaa kimoja kwa wakati.

Daftari na boksi

Tundika daftari karibu na vifaa. Kila mtu anayezima aandike tarehe, saa, taa zilikuwaje, na nini kilirudi. Daftari likionyesha mnazima kila wiki, acheni kuzima, tafuteni chanzo. Mara nyingi ninakuta adapta iliyochoka: ukiipima bila mzigo inasoma 12, ukiipa ruta inashuka hadi ruta inajizima. Au joto. Au ruta ya nyumbani iliyonunuliwa kwa familia moja, sasa inabeba wageni wa vyumba ishirini na kila mmoja ana simu mbili. Hiyo haiumwi, imezidiwa. Nunueni kubwa zaidi. Kuna wanaoiwekea saa ijizime yenyewe kila alfajiri. Siipendi hiyo, kwa sababu inaficha dalili mpaka siku kifaa kinakufa katikati ya msimu wa wageni.

Pembeni ya daftari weka boksi la akiba: adapta moja ya volti 12 iliyoandikwa jina, waya wawili wa mtandao waliojaribiwa, vikofia vya plastiki, gundi ya karatasi, kalamu. Waya mbovu usirudishe humo. Ukate kichwa chake kwanza ndipo uutupe, asije mwenzako akauokota kesho akidhani ni mzima.